Mpakwa Mafuta Naye Aulizwe

Binti wa kwaya akishika mimba kabla ya ndoa, makanisa yetu mengi hayasiti. Wazee wanaketi wiki hiyohiyo. Anavuliwa joho, anatengwa na Meza ya Bwana, na siku ya kurudishwa kundini anasimama mbele ya usharika mzima, mtoto mgongoni, akiungama mbele ya watu waliomfundisha nyimbo za shule ya Jumapili. Mzee aliyeoa mke wa pili anaondolewa kwenye daftari la washirika. Mlevi anatajwa kwa jina. Katika yote hayo husikii mtu akisema tumwachie Mungu. Tunaambiwa kwamba nidhamu ni upendo, na kwamba kanisa lisilokemea dhambi limekufa.

Sasa tuhuma zimguse mchungaji. Fedha za ujenzi hazionekani, au mama mmoja analalamikia kilichotokea kwenye maombi ya faragha. Lugha inageuka siku hiyohiyo. Usimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Tumwombee, shetani anawawinda watumishi. Nani kati yetu hana dhambi? Mungu mwenyewe atashughulika naye. Tusiwape wasioamini cha kusema. Miezi michache baadaye mtumishi anahamishwa. Washirika wa huku wanaambiwa ameitwa kwenye huduma nyingine, na wa huko wanampokea kwa vigelegele. Yule mama aliyelalamika anaanza kukaa kiti cha nyuma, kisha haonekani tena, na hakuna anayeuliza alikokwenda.

Msimamo huo umekuwa kama hekima rasmi ya Wakristo wa nchi zetu. Unahubiriwa madhabahuni, unarudiwa kwenye vikundi vya maombi, na anayeupinga anaitwa muasi. Wengi wanaoushikilia ni watu wanyofu, wanaomcha Mungu na kuwapenda wachungaji wao, kwa hiyo wanastahili kujibiwa kwa hoja. Hoja yangu ni hii: kanisa letu halijapungukiwa nidhamu hata kidogo. Linayo tele, ila limeielekeza kwa wanyonge, wakati Maandiko yanaielekeza kwanza kwa wakubwa. Kila aya tunayoitumia kumkinga kiongozi, ukiisoma mahali pake, utakuta inasema kinyume cha tunavyoitumia.

Tuanze na hiyo ya mpakwa mafuta. Imetoka Zaburi ya 105, na inapatikana pia katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati. Wanaozungumzwa pale ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wakati ambapo walikuwa watu wachache, wageni wasio na ardhi, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa. Wanaokemewa ni wafalme. Mungu anawaonya wenye majeshi wasiwadhuru wasafiri wasio na mtetezi. Leo aya hiyo imepinduliwa: anayekingwa nayo ni mwenye madaraka, na anayetishwa nayo ni mama mjane aliyetoa sadaka na sasa anauliza imekwenda wapi.

Tena turudi kwenye kisa chenyewe kinachokumbukwa na zaburi hiyo. Katika Mwanzo sura ya 20, Ibrahimu alimdanganya Abimeleki mfalme wa Gerari kwamba Sara ni dada yake, na uongo huo ukakaribia kuliangamiza taifa zima. Mungu alimwonya Abimeleki asimguse Sara. Lakini kulipokucha, mfalme huyo alimwita Ibrahimu na kumuuliza kinagaubaga: umetutenda nini, na ulikuwa unawaza nini? Mungu hakumwadhibu kwa kuuliza. Ibrahimu hakujibu kwamba yeye ni nabii asiyehojiwa. Alijieleza. Ikiwa baba wa imani aliwajibika mbele ya mfalme asiye wa nyumba yake, mchungaji wa mtaani kwetu amepata wapi kinga dhidi ya washirika wake mwenyewe?

Wengine watakwenda kwa Daudi, aliyekataa kumuua Sauli kwa kuwa ni mpakwa mafuta wa Bwana. Ni kweli alikataa, ila wahubiri wengi huishia hapo na kufunga Biblia. Sauli alikuwa amekwenda na askari 3,000 kumsaka Daudi huko Engedi. Daudi alimkata upindo wa vazi pangoni, akamwacha hai. Kisha akatoka nje, akamwita kwa sauti, akauinua ule upindo juu kama ushahidi, akamweleza mfalme uovu wake na kumwomba Bwana aamue kati yao. Hakumdhuru, na wala hakumfichia. Anayesema kwamba mfano wa Daudi unatufundisha kunyamaza hajausoma hadi mwisho.

Ipo na hoja ya Nuhu, inayopendwa sana na wanaojiita baba wa kiroho. Hamu aliona uchi wa baba yake akaenda kuwaambia ndugu zake, wakati Shemu na Yafethi walirudi kinyumenyume wakamfunika. Basi, wanasema, mtoto mwema humfunika baba. Lakini Nuhu alikuwa amelewa ndani ya hema lake na kulala. Hakumbaka mtu, hakuiba mchango wa mtu, hakumwita binti wa mtu usiku kwa ajili ya maombi. Aibu iliyokuwapo ilikuwa yake peke yake, na heshima ilitaka afunikwe. Mchungaji aliyemuumiza mshirika ana aibu iliyo juu ya mwili wa mtu mwingine. Ukimfunika yeye, umelilaza blanketi juu ya mtu anayepiga kelele chini yake.

Halafu inakuja amri ya kutohukumu. Wanaoisema wanajua kwamba Yesu, katika mafundisho hayohayo, alimwambia mtu atoe kwanza boriti jichoni mwake ili aone vizuri kukitoa kibanzi cha ndugu yake. Kibanzi bado kilipaswa kutolewa. Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya mtu aliyeishi na mke wa baba yake, aliwaambia wazi kwamba walio nje Mungu atawahukumu, lakini walio ndani ni kazi ya kanisa lenyewe kuwahukumu. Sisi tumegeuza. Tunawahukumu walio nje kila Jumapili kwa vipaza sauti, na walio ndani wenye vyeo tunawaachia Mungu.

Na yule mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi, ambaye kisa chake hutajwa kila kiongozi anapofumaniwa? Torati, katika Mambo ya Walawi na Kumbukumbu la Torati, ilitaka wote wawili waliozini wauawe. Waandishi na Mafarisayo, yaani viongozi wa dini, walimleta mwanamke peke yake. Mwanamume waliyemfumania naye hakuletwa. Neno la Yesu kuhusu jiwe la kwanza liliwalenga viongozi waliojikusanya juu ya mnyonge mmoja. Kulichukua neno hilo leo na kulifanya ngao ya kiongozi ni kumnyang'anya yule mwanamke hata utetezi aliopewa na Bwana.

Yanayobaki katika Maandiko ni mazito zaidi. Yakobo anaonya kwamba wasiwe wengi wanaotaka kuwa walimu, kwa sababu hukumu yao itakuwa kubwa zaidi. Ezekieli sura ya 34 inawashtaki wachungaji waliojilisha wenyewe, waliokula walionona na kuwaacha wagonjwa bila kufungwa majeraha, na Mungu anasema atawaondolea kundi. Paulo alimpinga Petro usoni pake huko Antiokia, mbele ya wote, kwa sababu unafiki wake ulikuwa unawavuta wengine. Na katika barua ya kwanza kwa Timotheo sura ya 5, Paulo anaweka utaratibu kamili. Wazee watawalao vema wapewe heshima maradufu. Shtaka juu ya mzee lisipokelewe bila mashahidi wawili au watatu. Wanaodumu katika dhambi wakemewe mbele ya wote, ili wengine waogope. Makanisa yetu yameukumbatia mstari wa heshima maradufu, yamejifunza kidogo mstari wa mashahidi, na ule wa kukemewa mbele ya wote yameuruka kabisa.

Lakini kisa kinachopaswa kumkosesha usingizi kila mzee wa kanisa ni cha kuhani Eli. Wanawe, Hofni na Finehasi, walikuwa makuhani. Walichukua nyama ya dhabihu kwa nguvu kabla haijatolewa kwa Bwana, na walilala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema la kukutania. Watu walilalamika. Eli aliwasikia, akawaita wanawe na kuwaambia kwamba habari wanazozileta watu si njema. Kwa vipimo vya leo, hicho ni kikao cha faragha cha ushauri, kumbukumbu zikaandikwa, tukafunga kwa sala. Wanawe wakaendelea na kazi. Hukumu iliyomjia Eli kupitia kinywa cha kijana Samweli haikumshtaki kwa kuiba nyama wala kwa uzinzi. Ilimshtaki kwa sababu alijua na hakuwazuia. Israeli wakapoteza askari 30,000 vitani, sanduku la agano likatekwa, wanawe wakafa siku moja, na Eli akaanguka kutoka kitini akavunjika shingo. Wanaomlinda kiongozi mkosaji wakidhani wanalilinda hema la Bwana wasome kisa hicho polepole.

Hapo ndipo tunapokutana na hoja yenye nguvu kuliko zote, ya jina la kanisa. Funika kombe mwanaharamu apite. Tukiyatangaza haya, Injili itadharauliwa, waumini wachanga watarudi nyuma, kazi ya Mungu itaharibika. Hoja hii imejaribiwa tayari, na watu wasomi na wa heshima, na matokeo yake yanajulikana.

Kisa cha John Smyth ni chetu Waafrika kama kilivyo cha Waingereza. Smyth alikuwa wakili mashuhuri Uingereza, mlei mwenye leseni ya kuhubiri katika Kanisa la Anglikana, na mwenyekiti wa mfuko ulioendesha kambi za Kikristo za Iwerne, huko Dorset, kwa wavulana wa shule za watu wenye uwezo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliwapeleka vijana kwenye banda la bustani nyumbani kwake karibu na Winchester na kuwacharaza fimbo hadi damu itoke, akiwaaminisha kwamba ndiyo njia ya kuishinda dhambi. Kijana mmoja alijaribu kujiua. Mwaka 1982 kasisi Mark Ruston alichunguza na kuandika ripoti ya siri. Ilihesabu vijana 22, na viboko vya maelfu. Walioisoma walikuwa wachache, wengi wao makasisi. Hakuna aliyekwenda polisi. Mmoja wao alikuja kueleza baadaye kwamba aliamini jambo hilo likitangazwa lingeleta madhara makubwa kwa kazi ya Mungu.

Basi Smyth akashawishiwa aondoke. Mwaka 1984 akahamia Zimbabwe, akaanzisha huduma yake ya Zambesi Ministries, na kambi za wavulana zikaanza upya. Viboko navyo vikaanza upya. Desemba 1992, mvulana wa miaka 16, Guide Nyachuru, alikutwa amekufa katika bwawa la kuogelea la shule ya Ruzawi, Marondera, ilikofanyika kambi. Mwaka 1993 wachungaji wa Bulawayo, waliosikia wavulana wakilalamika, walimwomba wakili David Coltart achunguze. Coltart alikusanya maelezo ya wavulana waliopigwa kwa vibao vya mpira wa meza hadi makalio yakavilia damu, akayaandika na kuyapeleka kwa waliohusika. Smyth alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia kuhusiana na kifo cha Guide, lakini kesi ilivunjika bila kufikia hukumu. Mwaka 2001 akahamia Afrika Kusini. Viongozi wa juu wa Kanisa la Anglikana Uingereza walipata taarifa mwaka 2013, na bado hakukuwa na hatua ya kumfikisha mbele ya sheria. Televisheni ya Channel 4 ikalitangaza jambo hilo mwaka 2017. Smyth akafa Cape Town mwaka 2018, hajawahi kusimama kizimbani nchini kwake.

Novemba 2024 ikatoka ripoti ya uchunguzi wa Keith Makin, ikikadiria kwamba Smyth aliwaumiza zaidi ya wavulana na vijana 100, na kwamba wengi wao walikuwa wa Afrika. Siku chache baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, akatangaza kujiuzulu.

Ipime hesabu hiyo. Mwaka 1982 makasisi wachache walitaka kuliepusha kanisa na aibu ambayo pengine ingedumu miezi michache. Miaka 42 baadaye aibu hiyohiyo ilifika kwenye kiti cha juu kabisa cha Waanglikana duniani, ikiwa imebeba njiani miili na roho za watoto wa Zimbabwe ambao hawakuwa wamezaliwa, au walikuwa bado wadogo, siku ripoti ya kwanza ilipofichwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika kisa hiki waliougua maradhi hayo walikuwa watoto wa watu wengine. Kumhamisha mkosaji ni kulisafirisha kosa. Walioyafanya hayo waliamini wanailinda Injili. Na tuone pia nani alijaribu kweli kuilinda: wachungaji wa Bulawayo, wasio na cheo kikubwa wala kiti London, waliochukua maneno ya wavulana kwa uzito na kumtafuta mwanasheria.

Atakayesema hayo ni ya Wazungu, na aende Shakahola. Tangu Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi, na wengi walikuwa na dalili za kufa kwa njaa. Mhubiri waliyemfuata, Paul Mackenzie, amekana mashtaka, na lililo lake liko mikononi mwa mahakama. Lakini lipo jambo lisilosubiri hukumu. Kanisa lake lilikuwa la kwake, alilolianzisha mwenyewe. Halikuwa chini ya askofu wala sinodi, na ndani yake neno la mtu mmoja lilikuwa mwisho wa maneno. Wengi wetu tunaharakisha kusema kwamba lile halikuwa kanisa bali kundi potofu. Mafundisho yalikuwa potofu, sikatai. Hata hivyo, mtu hafikishwi msituni na fundisho la kufunga hadi kufa peke yake. Kabla ya hapo hufundishwa kwamba kumhoji mtumishi ni kumhoji Mungu. Fundisho hilo la kwanza halikubaki Shakahola. Liko mijini, kwenye majengo yenye viyoyozi na kwaya nzuri, na linapigiwa makofi.

Mwanzoni mwa mwaka 2016 serikali ya Kenya ilikuwa imependekeza kanuni za kusimamia makanisa na sifa za wachungaji. Viongozi wengi wa makanisa walizipinga kwa nguvu, na zikaondolewa mezani. Woga wao juu ya mkono wa dola ulikuwa na msingi. Serikali ikipewa fimbo ya kumchapa mchungaji mwizi, haitachelewa kumchapa mchungaji anayeikosoa. Lakini aliyekataa kusimamiwa na serikali alikuwa na deni la kujisimamia mwenyewe, na deni hilo halikulipwa. Baada ya Shakahola, Rais Ruto aliunda jopo kazi chini ya kasisi Mutava Musyimi kutazama upya sheria za mashirika ya dini. Rwanda ilikwisha kufika mbali zaidi: sheria ya mwaka 2018 inamtaka kiongozi wa kanisa awe na shahada ya elimu ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha elimu ya dini, na maelfu ya nyumba za ibada zimefungwa. Wachungaji wanaolia kwamba dola inaingilia madhabahu wajiulize ni nani aliyeacha mlango wazi.

Nijibu sasa hoja mbili ambazo nazichukua kwa uzito wote.

Ya kwanza ni kwamba watumishi husingiziwa. Ni kweli. Wapo waliochafuliwa kwa sababu za ukabila, za kugombea madaraka au za kulipiza kisasi. Yusufu alisingiziwa na mke wa Potifa akatupwa gerezani. Lakini kilichomfunga Yusufu ni kukosekana kwa mtu wa kumsikiliza. Bwana wake alihukumu kwa hasira, bila kuuliza swali. Palipo na utaratibu wa kupokea malalamiko, kuita mashahidi na kutoa uamuzi kwa maandishi, mchungaji asiye na hatia ana mahali pa kusafishiwa jina, na linasafishwa kwenye mimbari ileile. Pasipo na utaratibu kinachobaki ni umbea, na umbea haumwachi mtu huru hata awe malaika. Kwa hiyo anayempenda kweli mchungaji wake na adai utaratibu kwa ajili yake.

Ya pili ni msamaha. Kristo anasamehe, sisi ni nani tusisamehe? Tusamehe, hata saba mara sabini. Lakini msamaha na madaraka ni vitu viwili. Musa aliupiga mwamba badala ya kusema nao, akazuiwa kuingia Kanaani. Alibaki rafiki wa Mungu, ila kazi ya kuwavusha watu akapewa Yoshua. Daudi alisamehewa siku Nathani alipomwambia kwamba mtu yule ndiye yeye, na hata hivyo upanga haukuondoka nyumbani mwake. Zaburi yake ya toba ikapewa kiongozi wa waimbaji, iimbwe na taifa lote. Petro alirejeshwa baada ya kumkana Bwana, lakini alirejeshwa kwa kuulizwa mara tatu, mbele ya wenzake. Mchungaji aliyeanguka ana haki ya kutubu, kulelewa na kusamehewa kama yule binti wa kwaya. Haki ya kushika tena kipaza sauti na funguo za sanduku la sadaka haimo ndani ya msamaha. Na anayesamehe kwa niaba ya aliyeumizwa, bila hata kumuuliza, ametoa kitu kisicho chake.

Basi tufanye nini? Hakuna jipya la kubuni. Mengi yameandikwa tayari katika katiba za makanisa yetu, ila yamelala kwenye makabati.

Fedha kwanza, kwa kuwa huko ndiko kuanguka kwingi kunakoanzia. Unapotuma sadaka kwa simu, kabla hujakamilisha muamala, jina la mpokeaji huonekana kwenye kioo. Lisome. Kama ni jina la kanisa, endelea. Kama ni jina la mchungaji au la mkewe, simama hapo hapo na uulize, kwa adabu na bila kuogopa. Akaunti ya kanisa iwe na watia saini zaidi ya mmoja, wasio wa nyumba moja. Hesabu zikaguliwe na mtu wa nje, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe kwa washirika hadi shilingi ya mwisho, kama tunavyosoma majina ya waliochelewesha ahadi.

Pili, malalamiko dhidi ya kiongozi yasipokelewe na kiongozi huyo wala na watu aliowateua mwenyewe. Kila usharika uwe na watu wanaojulikana, wakiwemo wanawake, ambao mshirika anaweza kuwaendea. Mtuhumiwa akae kando ya madhabahu uchunguzi ukiendelea, mshahara wake ukiendelea pia, kwa sababu bado hajahukumiwa. Uamuzi utangazwe kwa wale waliosikia tuhuma. Na anayehamishwa ahamishwe na faili lake. Askofu anayeandika barua ya sifa huku akijua ya sirini awajibishwe pamoja na mkosaji. Kanisa Katoliki, baada ya maumivu mengi, lilifika hapo mwaka 2019, Papa Francis alipotoa sheria inayowalazimu makleri na watawa kuripoti dhuluma za kingono kwa mamlaka za kanisa, na kuwahusisha pia maaskofu wanaofunika.

Tatu, uhalifu ni uhalifu. Mtoto akinajisiwa, Mathayo 18 haimtaki mzazi aende kuzungumza faraghani na aliyemnajisi. Fungu lile linahusu ndugu anayemkosea ndugu, na hata lenyewe linaishia kwa kanisa zima kuambiwa. Warumi 13 inasema mwenye mamlaka ya upanga ni dola. Tanzania tuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na namba 116 ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto, inayopatikana Kenya pia. Mzee wa kanisa anayepata taarifa kama hiyo aipeleke siku hiyohiyo. Kikao cha wazee hakina daktari, hakina mpelelezi, na hakina mamlaka ya kumfunga mtu. Kila saa kinayotumia kujadili jina la kanisa ni saa ambayo ushahidi unapotea.

Najua nitaambiwa kwamba hayo yatawavunja moyo watumishi. Yatawavunja moyo wale wanaolihitaji giza. Mchungaji wa kijijini anayepanda baiskeli kwenda kuzika, anayelala njaa ili yatima ale, hana cha kupoteza hesabu zikisomwa. Yeye ndiye anayeumia zaidi tunapofunika, kwa kuwa kila mwizi aliyefichwa humfanya na yeye ashukiwe. Kumwajibisha mkosaji ni namna ya kumheshimu aliye mwaminifu.

Nawaomba wazee wa kanisa, akina mama wa umoja wa wanawake, vijana na walei wote: acheni kungoja askofu aanze. Katika mkutano mkuu ujao wa usharika wenu, daini mambo matatu yawekwe kwenye ajenda: taarifa ya ukaguzi wa hesabu, majina ya wanakamati wa kupokea malalamiko, na ahadi ya maandishi kwamba dhuluma dhidi ya mtoto itakwenda polisi. Mchungaji atakayeyaunga mkono, mshikeni mkono na kumwombea kwa moyo wote, maana ameonyesha kwamba anajua kundi ni la Bwana. Atakayekasirika kwa sababu ameulizwa, asikabidhiwe kundi.